Mpaka Jicho Litulie

6 Februari

Baba,

Shikamoo. Hujambo, na goti je? Mimi mzima, ila nimechoka hata kulala naona uvivu.

Utafiti wangu wa makengeza umefika katikati. Nalinganisha njia tatu za kupima: kumulika macho kwa tochi, kupima kwa mkono na vioo vya prizimu, na mashine mpya. Naomba uninakilie vipimo vya wale watoto ishirini na sita tuliowapima sote wawili hapo kliniki kwako, nilipokuja likizo na mashine. Vyangu na vya mashine ninavyo.

Mwanao

15 Februari

Mama,

Marahaba, binti yangu. Goti lipo, kila ngazi linanikumbusha umri. Vipimo hivyo hapo. Sina ugomvi na mashine yenu, lakini haijawahi kumbembeleza mtoto anayelia. Mimi nafunika jicho hili, nafunika lile, naongeza kioo mpaka jicho litulie, naandika namba. Mwaka wa thelathini na moja huu. Siku hizi nafika nyumbani nimekwisha kabisa, na foleni ya kesho haina habari.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Tochi inakosea huku na huku, kama tulivyotarajia. Mkono wangu na mashine vinakaribiana. Mkono wako uko chini, Baba, kwa watoto ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja uliyemzidishia. Nadhani unaacha kuongeza vioo wakati jicho bado linacheza kidogo, nawe hulioni.

Binti wa yule mama fundi cherehani, mmoja wa watoto hao, atapasuliwa tarehe 25 kwa namba yako. Umeandika ishirini. Mimi na mashine tumepata thelathini. Daktari akifuata yako, jicho litabaki limepinda. Wewe mwenyewe, macho yako ulipimwa lini?

Mwanao

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kinaniumiza, na simu hupokei. Nikimpigia daktari nitakuwa nimekuvunjia heshima. Nisipompigia, mtoto ataumia. Nakusubiri mpaka tarehe 22, basi.

Mwanao

21 Machi

Mama,

Marahaba. Nilikasirika, nisikufiche. Halafu nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, nikamwomba mwenzangu hapa kliniki anipime. Amekuta nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi nilizidi: tangu mwaka jana nalaumu taa. Balbu ya chumba nimeibadilisha mara mbili.

Daktari nimempigia, upasuaji umeahirishwa. Mwenzangu amempima binti upya nami nimesimama kando. Thelathini. Mama yake nimemweleza kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu. Nilitegemea anitukane, na ningeona nafuu. Aliniuliza tu, kwa upole:

"Na wale wengine uliowapima, mzee?"

Nimeona aibu, mwanangu, kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Vioo nimemkabidhi mwenzangu. Mimi nimebaki na mafaili ya mwaka mzima na simu ya mezani, nawapigia mmoja mmoja waje wapimwe tena. Nimefika wa kumi na tisa. Wanne kati yao walishapasuliwa. Hao siwapigii, nawafuata nyumbani kwao.

Baba yako