Viatu vya Kiguu-na-Njia

4 Machi

Binti yangu,

Mko wazima huko? Mjukuu wangu hajambo? Mimi namshukuru Mungu, ni goti tu linalonung'unika kila nikipanda ngazi.

Yale mayai ya tausi niliyopewa na mtunza bustani, mteja wangu wa mabuti, yameanguliwa. Kuku wangu mwekundu ameyaatamia siku ishirini na nane bila kujua anahangaikia watoto wa wenyewe. Wako wanne. Watatu ni wazima kabisa. Wa nne vidole vyake vimejikunja kama ngumi, anatembelea vifundo. Nimempa jina la Kiguu-na-Njia, maana haendi popote. Nimempa mpaka Jumapili. Asiposimama, nitamnyonga. Miaka arobaini nashona viatu na sijawahi kuweka kibovu kwenye rafu, siwezi kuanza uzeeni.

Nitumie picha nyingine ya mtoto, lakini safari hii mfunue hilo blanketi. Picha zote tatu naona pua tu. Nataka nipime mguu kwa macho, nimshonee viatu vya kwanza.

Baba yako

15 Machi

Binti yangu,

Habari za siku nyingi? Hujawahi kunikalisha siku kumi bila jibu. Kama ni kazi zimekubana, sawa. Kama nimekuudhi, niambie, chai hainishuki.

Jumapili ilifika. Nilimshika Kiguu, akanyoosha shingo na kudonoa kifungo cha shati langu akidhani ni mtama. Nikamrudisha kwenye boksi, nikajifanya nina kazi nyingine. Kesho yake nikajiambia, mimi si fundi? Nikamkatia soli za ngozi ngumu, nikanyoosha kidole kimoja kimoja, nikabandika kwa gundi na kushona mara mbili. Viatu vya kudumu miaka kumi. Nilijisifu mpaka majirani wakachoka.

Basi vikamzidi uzito, akabaki amekaa tu kama mgeni asiyejua ataaga vipi. Leo nimemtazama, vidole vimevimba na kuwa vyekundu. Naogopa, mwanangu. Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe leo leo. Nifanye nini?

Baba yako

17 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi tunaendelea.

Mvue hivyo viatu kabla hujamaliza kusoma. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu mpaka gundi ilegee, usivute. Kisha tumia karatasi ngumu ya boksi na plasta nyepesi, na ubadilishe kila baada ya siku mbili. Kosa lako, Baba, umemshonea kama mteja mtu mzima. Huyo anakua kila siku.

Utauliza nimejulia wapi. Nimejulia hospitali, kwenye benchi la kila Alhamisi. Mwanangu alizaliwa nyayo zote mbili zimepindia ndani. Kila wiki wanakata plasta ya zamani, ile ngumu ya jasi, wanageuza miguu kidogo, wanafunga mpya. Ndiyo maana ya blanketi. Nilishaandika barua ndefu ya kukueleza, ndipo ikaja yako ya kunyonga na ya vibovu visivyokaa kwenye rafu. Nikaichana. Nilijua unamsema kifaranga, lakini iliniuma sana.

Alhamisi ya wiki ijayo wanatoa plasta za mwisho. Hapo anatakiwa kuvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu kutwa kucha kwa miezi mitatu, kisha kila anapolala mpaka afike miaka minne. Daktari anasema atatembea kama wenzake. Ila viatu vya hospitali vimekwisha, na vikichelewa nyayo zitarudi zilivyokuwa.

Binti yako

18 Machi

Mwanangu,

Nisamehe. Nilikuwa na mdomo mrefu kuliko akili. Barua yako nimeisoma kwenye kigoda cha kazi, nikalia mpaka mteja akaondoka na kiatu kimoja.

Chora nyayo zake, penseli uisimamishe wima. Daktari aandike urefu wa chuma na nyayo zielekee wapi. Kazi zote nyingine zimesimama. Kiguu nimemvua, uvimbe unapungua.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Michoro na vipimo hivyo hapo. Unyayo wa kushoto una mkia kwa sababu alipiga teke penseli. Na picha, bila blanketi.

Nilikusamehe uliposema kuhusu kile kifungo cha shati.

Binti yako

25 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mama yako akusomee.

Humo mna jozi tatu. Ndani ni ngozi ya kondoo, haichubui. Chuma amekichomelea fundi baiskeli, tumekipima mara nne. Daktari avikague kwanza. Jozi ndogo ni ya kesho, hizo nyingine zitakusubiri ukue. Ule mkia wa penseli nimeushona kwa uzi mwekundu kwenye soli ya kushoto, ni teke lako, sikuwa na haki ya kulifuta.

Kiguu-na-Njia nilimvua karatasi juzi. Leo asubuhi ametoka kwenye boksi, akavuka karakana, nikamkuta kwa jirani anadonoa kamba za viatu vya watu. Jina sasa limemfaa.

Picha yako nimeiweka rafu ya juu, ile ya kazi zangu bora. Kila mteja anayeingia namwonyesha miguu yako kabla sijamuuliza ameleta nini.

Babu yako