Miji Isiyo na Watani

Chicago, Marekani
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Kulwa,

Mhola? Mama ameamkaje? Na ile homa ya Doto imekwisha kweli, au mnanificha kwa kuwa niko mbali? Mvua imefika huko Shinyanga, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Usitafute ugonjwa humo, ni uchovu tu, wa miguu na wa macho. Nawe shemeji Masanja, unayemsomea dada yako barua hii, nakuamkia. Usiruke neno, hata yale yatakayonitia aibu, na tukifika kwenye mambo ya mume na mke tafadhali usikohoe.

Mama Kulwa, barua yako ya mwisho ilikuwa na swali moja tu. Bwana mpima mawe, yule niliyempikia mgodini Mwadui hata akanileta huku, amekubali kutusaidia wewe na watoto mje, ila nichague mji wa kukaa. Ukaniuliza ni mji upi wenye watu wa kila namna, ili Kulwa na Doto wasitazamwe kama fisi aliyeingia kanisani. Ukasema umekwisha kuwaahidi shule ya huku, maana kwetu wengi wakimaliza darasa la nne wanarudi kuchunga. Nimekaa na swali hilo mwezi mzima. Leo nalijibu.

Tulianzia New York. Kwa wingi wa mataifa sijaona mji wa kuushinda. Katika ngazi moja ya nyumba niliyokaa walikuwamo Mwitaliano mshona viatu, Myahudi na mkewe, jamaa wa Puerto Rico na watoto wao, na mama mmoja mweusi wa Jamaika aliyeapa kwamba mimi si Mwafrika kwa sababu nimevaa viatu. Harufu za vyungu vyao zilikutana ngazini, wenyewe hawakukutana. Asubuhi ya kwanza nikasimama mlangoni, mwana wa Kisukuma mimi, nikamwamkia kila aliyeshuka. Umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, watoto je, mifugo je. Mwitaliano akaniambia hanunui kitu. Myahudi akarudi ndani akafunga mlango. Yule mama wa Jamaika peke yake ndiye aliyesimama, akaniuliza nani amekufa.

San Francisco nilikwenda mara moja na Bwana, kwa treni, siku nyingi njiani. Huko ni Wachina, Wajapani, Wafilipino na Wameksiko, maana unatazama bahari ya upande mwingine. Weusi ni wachache, na wengi walifika wakati wa vita kuunda meli. Hali ya hewa nzuri, watu hawapigi kelele. Nikasema hapa ndipo. Mchina aliyenifulia mashati akanicheka. "Unadhani tumejazana mtaa huu kwa kupenda?" akaniuliza. "Baba yangu alizunguka mji mzima akitafuta nyumba. Kila alipobisha walimwambia imeshachukuliwa." Nikachukua mashati yangu nikaondoka.

Basi nikabaki Chicago. Hapa mataifa ni mengi pia, ila yamepangwa kama mashamba, kila moja na mpaka wake. Wapolandi hapa, Waayalandi kule, Walithuania nyuma yao, Wagiriki, Wameksiko, na sisi weusi tumebanana ukanda mmoja mrefu upande wa kusini. Mpaka wenyewe ni barabara. Hakuna bango, lakini ukivuka bila kazi ya kukupeleka unaweza kurudi bila meno.

Siku hizi sipiki tena, niko machinjioni. Ningeomba wazee wa kwetu wasione. Ng'ombe wanaingia tangu asubuhi, na hakuna mtu ajuaye jina la hata mmoja. Mwanzoni nilikuwa nawataja kimoyomoyo kwa rangi zao, huyu wa madoa, huyu mwekundu wa baba. Nikaacha, maana nilikuwa nashindwa kula.

Hapo machinjioni nilimpata mzee Stani, Mpolandi, mnoa visu. Alinianza siku ile ile ya kwanza: eti kwetu tunapanda simba kwenda sokoni. Nikamjibu kwamba kwao watoto wananyonyeshwa supu ya kabeji. Alificha kofia yangu, nikaficha mkate wake. Tulikwenda hivyo miaka miwili, na sikumbuki siku tuliyosema neno la maana. Nikamshukuru Mungu kwamba hata huku amenipa mtani.

Mwezi uliopita kifua kikamwua. Wewe unajua kazi ya mtani msibani. Unamkumbuka yule Mzaramo fundi baiskeli siku tulipomzika baba, alivyojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Na mama, ambaye hakuwa ameonja kitu tangu jana yake, akacheka, akaomba uji. Nilikwenda kwa Stani na nia hiyo hiyo. Mjane akanipokea vizuri, jina langu alilijua. Nikaona kofia ya marehemu msumarini. Nikaivaa. Nikatembea sebuleni kwa kuchechemea kama yeye, nikauliza kwa sauti yake, "Nani kala mkate wangu?" Kisha nikamgeukia pale alipolazwa, nikamwambia ni mvivu mkubwa, amekufa Jumatatu ili asiende kazini.

Mjane akafunika uso. Mwanawe mkubwa akanivua kofia, akanishika ukosi, akanitoa nje. Nilikuwa bado nasema mimi ni mtani wake, mimi ni mtani wake. Nani angenielewa? Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa nyingine.

Nikasimama pale nje sijui niende wapi. Akatoka mjukuu wa Stani, binti wa rika la pacha wetu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akanishika mkono, akaniongoza mpaka kona, akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara. "Watu wako wanakaa ng'ambo ile," akaniambia. "Huku watakupiga." Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni kisimani, kisha akarudi kwao mbio.

Mama Kulwa, matusi nimeyazoea. Upole wa mtoto yule ndio ulionivunja. Hajamaliza kujifunza kusoma, lakini mipaka ya mji ameshaijua yote. Nikawaona watoto wetu. Kabla hawajajua ukoo wao watajua barabara ya kutovuka. Shule nzuri zipo, sikudanganyi, lakini na hilo watalisoma, tena bila mwalimu.

Najua utakavyonijibu. Utasema hata Mwadui Wazungu wana nyumba zao, Wahindi zao, na sisi makambi yetu, na kibarua hakatishi bustani ya Bwana. Ni kweli, kwetu si peponi. Lakini katika makambi yale Mha, Mzaramo na Msukuma tulitukanana kutwa, na mmoja akifa waliobaki walijua la kufanya. Huku watu wa dunia nzima wanaishi pua na mdomo, na kucheka pamoja hawajui waanzie wapi.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hakuna mji. Jana nilimwambia Bwana msije, nami narudi kwa meli ya kwanza itakayokuwa na nafasi. Nimeamua bila kukuuliza. Najua umekwisha kuwaambia majirani, najua ulivyoitaka shule hiyo kwa ajili ya watoto kuliko ulivyowahi kutaka kitu. Nimekunyima, na cha kuweka badala yake sina ila mimi mwenyewe, nami nimechakaa.

Mwamkie mama mzazi, umwambie viatu vyake nimevipata. Mwamkie shangazi mfinyanzi, na mwalimu wa dini aliyetufungisha ndoa, na jirani yetu mchunga mbuzi anayekusaidia kuni. Wabusu Kulwa na Doto, uwaambie habari ya shule nitawaeleza mimi, usijitwike mzigo huo.

Ukikasirika, kasirika. Usimwambie shemeji aniandikie kwamba yamekwisha. Hasira yako itunze vizuri, isipoe. Nataka nifike niikute, unitukane uso kwa uso.

Mumeo,
Luhende, Baba Kulwa