Hooyo Alivyoigombeza Picha

Aabo, baba yangu mpendwa,

Assalaam aleykum kutoka Nairobi, ambako baridi imemfanya mkeo, hooyo wangu, avae sweta mbili. Leo nilimpeleka makumbusho ili apoe kidogo. Bado ana hasira kwamba ulimchukua ngamia wake wa maziwa ukampa ndugu yako wa Balambala bila hata kumwuliza. Tukaingia chumba cha picha za kuchora, na pale ukutani tukamkuta mzee mwenye ndevu za hina, anayefanana na wewe kabisa. Wallahi, hata mimi nilitaka kumwamkia.

Hooyo akasimama mbele yake, akaanza kumgombeza kwa Kisomali: "Ngamia wangu yuko wapi? Ulidhani ni wako?" Watu wakageuka. Mlinzi akaja kuuliza kuna shida gani.

"Hakuna shida," hooyo akamjibu kwa Kiswahili. "Mimi naongea na bwana yangu. Wewe ngoja huko."

Mlinzi akaitazama picha, akarudi kwenye kiti chake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipogeuka, hooyo alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Amekonda," akaniambia. "Nani anampikia?"

Amenikataza kabisa kukueleza haya. Wiki ijayo tunarudi nyumbani Galbet, na ni yeye mwenyewe aliyeamua. Najua shangazi anakulisha vizuri mno, basi nakuomba, Aabo, jitahidi ukonde kidogo kabla hatujafika.

Mungu akutunze. Nakupenda sana.

Binti yako,
Hodan