Mwanamke wa Garini

Mjukuu wangu Ruwaida,

Shikamoo yako imenikuta jikoni, marahaba. Sisi wazima, na Salma ameota meno mawili. Najua unacheka nikikuita mjukuu na huku bado nanyonyesha, lakini babu yako ni kaka yangu, basi nivumilie.

Umeniuliza kutoka huko Maskati, wivu unaponaje? Sijui. Nitakuhadithia wangu tu.

Mume wangu alinunua gari kuukuu ya Kijapani ya kupelekea wageni Kendwa. Redio yake ina sauti ya mwanamke inayoelekeza njia. Ukibonyeza kitufe ukasema nayo, inakujibu. Yeye kajifunza maneno mawili ya Kijapani, basi kutwa anasema naye. Mimi mpaka nimwite mara tatu ndiyo aitike "Naam"!

Jirani akanichochea: "Mwenzangu, mumeo kaoa Japani, na mke kamleta ndani ya gari!"

Nikaisusa gari ile. Siku ya kumpeleka Salma kwa mama yangu Bububu sikuwa na budi, nikapanda nimenuna. Yule mwanamke akaanza. Salma, aliyekuwa akilia, akanyamaza kumsikiliza.

"Na mwanangu kamchukua!" nikasema.

Mume wangu akacheka, akamzima. "Huyu ana ramani ya Japani tu, anadhani tuko baharini, Unguja haijui. Nielekeze wewe, Mama Salma."

"Kata kushoto."

Njia ile anaijua tangu mdogo, lakini alingoja niseme ndipo akakata.

Wivu ninao bado, mjukuu wangu, ila sasa napanda nao kiti cha mbele.

Bibi yako mdogo,
Mama Salma