Maganda Niliyomtumia Mama

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko nyumbani Kate imewaacha salama, wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili hauna kasoro. Hali ya mama siiulizi kwa desturi tu; naiuliza huku naogopa jibu.

Barua ya Skola ilinifikia Jumanne. Dada yetu ameandika maneno ya mama kama alivyoyasema: "Mwambie Kalisti maganda yamebaki nusu gunia, alete mengine. Jicho la kushoto limeacha kuona, lakini nakunywa kama alivyoagiza, asubuhi na jioni." Niliisoma nimesimama dukani, wateja wakiningoja, nikashindwa kuhesabu hata chenji.

Kaka, nilikosa. Miezi minne iliyopita daktari wa Sumbawanga alihofia uvimbe kwenye ubongo, akaandika mama aletwe huku apigwe picha ya kichwa. Niliyezuia ni mimi. Nilikuwa nimekata kipande cha gazeti, mojawapo ya haya ya binafsi yaliyozuka siku hizi, kikisema ganda la kitunguu lina flavonoidi, kitu kinacholipa ganda rangi yake, na kwamba kinaua chembe za uvimbe wa ubongo. Mimi vitunguu nauza kwa magunia, maganda natupa. Nikaona Mungu amenipa dawa ya bure, nikamtumia mama achemshe anywe. Ukaniandikia, "Gazeti si daktari, mdogo wangu." Nikakujibu, "Mwalimu, wewe umesomea chaki, mimi nimesomea mizani." Neno hilo sasa linanichoma kila nikishika mizani.

Nikuambie lilikotoka. Baba alipouza ng'ombe, ada ilitosha mtoto mmoja, ukaenda wewe. Mimi nikaja mjini na darasa la saba langu, nikaanza na mafungu matano juu ya kiroba mpaka nikapata duka. Kinyongo nilikuwa nacho na bado ninacho, sikufichi. Nilitaka mara moja tu mimi ndiye nijue na wewe usijue. Ugomvi wetu nikauamulia kichwani mwa mama.

Alhamisi nilimwonyesha kile kipande mteja wangu mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi maabara. Akakisoma mpaka chini.

"Bwana Kalisti, hizi chembe zilikuwa kichwani mwa mtu au kwenye kisahani?"

Nikatazama. Mstari wa mwisho ulisema kisahani cha kioo. Sikuwahi kuufikia. Nikamwambia basi labda tuongeze maganda. Akanipa kalamu. "Wewe si mtu wa hesabu? Haya, piga."

Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya hiyo flavonoidi haitoki tumboni kuingia kwenye damu. Inayoingia, ini linaigeuza. Inayobaki inakuta ubongo una ukuta wake, unachagua cha kupitisha. Kila hatua nikatoa. Kwa makadirio yetu ya pale dukani, mama angehitaji gunia zima kwa siku, na bado hakuna ajuaye kama ingefika.

"Wataalamu wanaendelea kutafuta," akasema, "huenda siku moja ikawa dawa. Lakini uvimbe wa mama yako uko leo."

Hesabu ya dakika kumi, kaka. Nimekaa nayo miezi minne bila kuipiga.

Ijumaa nilikwenda hospitali, wamekubali kumpokea kwa ile barua ya daktari, usiisahau. Dereva anayekuletea barua hii anaondoka kesho. Jumatatu inayofuata, siku nane kutoka leo, nitakuwa Tunduma kwa treni. Mlete kwa basi mpaka hapo, akae kiti cha mbele, barabara ile isimtikise kichwa. Kutoka Tunduma atalala kwenye behewa mpaka huku. Na maganda aache leo hii.

Msalimie shemeji, na Skola aliyeandika bila kunificha. Mjomba anayetuchungia ng'ombe, nasikia naye anayanywa maganda kwa ajili ya mgongo. Mwambie mwenye dawa amejiuzulu.

Mama akiuliza kwa nini aache, usinitetee, wala usinishtaki. Ile nusu gunia usiimwage. Ni nyepesi, ipakie juu ya basi mje nayo. Nataka niimwage mwenyewe pale stesheni, mama akinitazama kwa jicho lililobaki, nimwambie aliyemchelewesha ni nani.

Mdogo wako,
Kalisti