Mwizi Anayempa Mama Shikamoo

Alhamisi. Jua la kuchoma, na umeme hakuna tangu asubuhi.

Leo sikwenda kazini. Nimeshinda Kinondo kwa mama, na nimerudi Ukunda nikiwa sina nguvu hata ya kupika. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia ambaye hatanicheka.

Kazi yangu ni mapokezi, hoteli moja hapa Diani. Kutwa nashika kadi za watu. Kila akija mfanyakazi mpya, mimi ndiye ninayempa somo: benki haipigi simu kuuliza zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Nambari ya siri inayoingia kwa ujumbe hasomewi mtu. Ukitiwa haraka au ukitishwa, kata simu, kisha upige wewe mwenyewe nambari iliyoandikwa kwenye kadi. Somo hilo nalijua kama Alhamdu.

Na mama yangu mzazi ametapeliwa mara mbili.

Kadi yenyewe ni ya mkopo, ya jina langu. Nilimwombea mama kadi ya pili ya akaunti hiyo hiyo, ili anunue dawa zake za sukari bila kunisubiri. Mwezi uliopita akapigiwa simu na mtu aliyejiita Salim, wa kitengo cha usalama cha benki. Eti kuna wezi wanaichezea kadi yake, amsomee nambari aifunge. Mama akasoma zote, na ile ya ujumbe pia. Nikaifungisha kadi, ikaja mpya. Salim akapiga tena: nusu ya pesa ameshaikomboa, imebaki kuhakikisha kadi mpya tu. Mama akasoma tena.

Nilidhani wezi wa simu wana haraka. Huyu hana. Humpa mama shikamoo, humuuliza mguu umeamkaje, humngoja amalize kuswali. Anajua kwamba mbuzi wetu anaumwa. Mimi sikujua.

Namwonea wivu mwizi. Haya, nimelisema.

Wiki iliyopita niliizuia nambari yake kwenye simu ya mama, kimyakimya. Akaja na nambari nyingine, akamwambia wanaoibiwa aghalabu huibiwa na watu wa nyumbani. Leo nilikwenda na jumbe za benki, zinaonyesha kadi ilivyotumika kununua vitu katika nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezikanyaga. Mama akavaa miwani, akasoma taratibu, akanirudishia simu.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "Salim aliniambia utakuja na maneno hayo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Kisha nikamwona anavuta pochi yake na kuitia chini ya mto aliouegemea.

Mama yangu ananificha pochi.

Nimemwapia kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nimelia mbele yake kama mtoto. Nimemwambia twende sote benki akasikie kwa masikio yake. Akasema Salim amemwonya kwamba pale benki nina rafiki ninayeshirikiana naye. Kila ninapotaka kupita, nakuta Salim keshapita zamani. Nilitaka kusema sikio la kufa halisikii dawa, nikameza. Huyu ni mama, na mdomo huumba.

Kadi nimeifunga na nyingine sichukui. Deni ni langu, nitalilipa. Lakini kwenye simu yake kuna akiba ya miaka yote aliyofua mashuka hotelini, na hiyo sina uwezo wa kuifunga. Ikiisha, hana kitu tena. Salim ataifikia tu. Mimi nitakuwa kazini, nikiwafundisha wengine.

Alasiri simu ikalia. Mama akatazama kioo, uso ukamchangamka, uso ambao sijauona tangu baba afariki. "Marahaba, baba," akasema. Kisha akashusha sauti, "Ngoja kidogo, mwanangu. Bado yuko hapa."

Akanitazama, akingoja nitoke.

Ningeweza kumpokonya ile simu. Nilifikiria, wallahi. Lakini angenitazama vipi baada ya hapo? Nikambusu mkono, nikavaa viatu, nikatoka. Sijafika hata barabarani, nikasikia anafunga mlango kwa komeo.

Kesho nitakwenda tena. Sijui kama atanifungulia.