Neema Alichagua Porini

Dada Nyabwire,

Nakuandikia nikiwa na hofu, na sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike Bunda kando ya mumeo, mengi yamebadilika. Sukari imejaa madukani, foleni hakuna tena, ila kiwandani wamepunguza watu na mume wangu Magesa yumo. Binti yako Neema alibaki kwa baba yake mdogo. Ndivyo ukoo ulivyoamua.

Likizo hii alikuja kwangu Musoma. Amekonda, haongei. Nikakumbuka mchezo wetu wa foleni. Ulikuwaga unanihadithia tukisubiri sukari, na hadithi ikifika njia panda unanyamaza: msichana apande mtumbwi, au apite nchi kavu? Nikisema mtumbwi, anakuwa mvuvi. Nikisema nchi kavu, anakutana na wachungaji na kuishia kwingine kabisa. Siku moja nilimpeleka kwa mamba. Nililia, ukakataa kubadilisha. Ukasema, "Umechagua mwenyewe."

Basi nikacheza na Neema tukiparua samaki, wale furu wadogo, uani. Msichana wangu akafika njia panda: huku nyumbani, taa inawaka, ugali umeiva, huku porini kwa fisi. Neema akachagua porini. Nikadhani anatania. Nikaanza upya, nikamweka bibi mlangoni anamwita kwa jina. Porini tena. Kila nilivyoipamba ile nyumba, ndivyo alivyozidi kuikimbia. Nikamuuliza kwa nini.

"Fisi unamsikia akija, mama mdogo," alisema, bila kuinua macho.

Kisu kilinidondoka. Aliyoniambia baadaye kuhusu baba yake mdogo... dada, siwezi kuyaandika.

Jana mchana huyo mtu alikuja kumchukua. Nilisimama mlangoni nikamwambia haendi. Hakufoka. Alitabasamu, akasema ng'ombe wa mahari yako walitoka kwao, mtoto ni wao, na Jumamosi atakuja na wazee. Magesa alikuwa amekaa palepale, hakuinuka. Mtu yule alipoondoka, nilifunga mlango. Nikikosea hapa, hatuanzi upya kesho kwenye foleni. Atakayelipa ni Neema.

Leo asubuhi nilimpeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mkali. Neema alisema yote huku amenishika kidole. Yule mama akasema Jumamosi atafika kwangu kabla ya wazee, na polisi atawaambia yeye mwenyewe.

Tuliporudi tulimkuta Magesa anapigilia komeo kwenye mlango wa chumba cha Neema. Analiweka upande wa ndani. Akamwita Neema aje alijaribu. Neema akafunga, akafungua, akafunga tena.

Pumzika, dada yangu. Bado naogopa. Lakini Jumamosi nitasimama tena pale mlangoni, na mwanao hatapanda basi la Bunda.

Mdogo wako,
Nyanjiga